Ahadi ya Tende: Khabari ya Malezi, Nafsi na Mali

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akamfundisha asiyokuwa akiyajua. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, aliyeitwa Mwaminifu kabla hajapewa Utume, na Ali zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika kisiwa cha Mafia, kama katika pwani nyingine, si jambo la ajabu kuwaona ndugu wawili, baba mmoja na mama mmoja, waliorithi minazi sawa kwa sawa katika shamba moja. Mvua iliyowanyeshea ni moja, na bei ya mbata waliyouzia ni moja. Baada ya miaka kumi mmoja ana minazi yake na mingine aliyoongeza, na mwenziwe hana hata mmoja wa kumwangulia mgeni dafu. Watu wakiulizwa sababu husema, "Ndivyo alivyoandikiwa."

Neno hilo asili yake ni kweli, kwani riziki i mikononi mwa Mola. Lakini mara nyingi hutumiwa kwa kufunika jambo lisilotakiwa kuangaliwa. Mtu haulizwi juu ya yaliyoandikwa asiyoyajua; huulizwa juu ya aliyoyatenda. Katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mja atasimamishwa Siku ya Kiyama aulizwe khabari ya umri wake, na elimu yake, na mwili wake, na mali yake. Wanavyuoni wameliangalia jambo moja katika Hadithi hiyo: kila kimoja katika hivyo kina suala moja, illa mali ina masuala mawili, ilipatikana wapi na ilitumika katika nini. Aliyeandikiwa tu hangeulizwa mara mbili.

Sasa watazamwe tena wale ndugu wawili. Walizaliwa na mama mmoja, lakini huenda hawakulelewa pamoja. Ada ya visiwa hivi tangu zamani ni mtoto kupewa bibi yake, au shangazi, au mama mdogo, akakulia huko. Mmoja alikulia katika nyumba ambamo neno likisemwa hutimizwa, hata likiwa dogo. Mwenziwe alikulia katika nyumba ya "kesho, kesho", na kesho yenyewe haikuja. Hapo ndipo minazi ilipoanza kutengana, miaka mingi kabla ya baba kufa na kadhi kuja kugawanya mirathi.

Mwenyezi Mungu amelitaja umbile hili katika Sura ya Maarij (70), kuanzia aya ya 19. Ameeleza kuwa mwanadamu ameumbwa mwenye papara, baya likimgusa hukosa utulivu na jema likimfikia hulifumbata. Kisha akawatoa katika hukumu hiyo wenye kusali. Na hakuwatoa kwa kuwa wamesali siku moja, bali kwa kuwa wamedumu. Basi pupa na khofu ni asili ya nafsi, na dawa yake ni mazoea. Aliyedhani kuwa atakuwa mwekevu kwa kuazimia usiku mmoja wa Ramadhani, ilhali miaka arobaini ya nyuma hakujizoeza, amelichukulia jambo zito kwa wepesi.

Na mazoea huanza udogoni. Imethibiti katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim kuwa kila mzaliwa huzaliwa juu ya umbile safi, kisha wazazi wake ndio wanaomgeuza. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), ameufananisha moyo wa mtoto na johari isiyochorwa, iliyowekwa amana kwa wazazi, inayopokea kila mchoro. Watu wa pwani husoma maneno haya wakafahamu kuwa yamekusudia sala na adabu ya kula. Yamekusudia hayo na fedha pia. Mtoto hujifunza fedha kabla ya kuijua alifu. Humwona baba akigeuza njia kwa kumkwepa mwenye duka. Huamrishwa atoke mlangoni amwambie mdai, "Baba hayupo," ilhali baba yumo ndani, tena anasikiliza kama mtoto amelisema sawasawa. Somo hilo halina chuo wala ada, na hakuna mtoto aliyeshindwa kulihifadhi.

Abdallah bin Amir (R.A.) alikuwa mtoto siku Mtume (S.A.W.) alipokuwa ameketi nyumbani kwao. Mama yake akamwita aje ampe kitu. Mtume akamwuliza mama yule alikusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Akamjulisha kuwa lau asingempa kitu, ungeliandikwa juu yake uwongo mmoja. Hadithi hii ameipokea Abu Daud.

Yafaa msomaji asimame hapa kidogo. Kitu chenyewe ni tende moja. Aliyeahidiwa ni mtoto asiyeweza kumshitaki mtu. Aliyeahidi ni mama, na mapenzi yake hayana shaka. Hata hivyo Mtume (S.A.W.) hakuliacha lipite, kwani kwa mtoto yule tende ni mali, na wito wa mama ni mkataba. Mkataba wa kwanza anaoufunga mwanadamu haufungwi mbele ya kadhi wala mashahidi; hufungwa uani, na mtu anayempenda, juu ya kitu cha kutia mdomoni. Ukitimizwa, mtoto hujua kuwa kesho ipo. Ukivunjwa, tena ukavunjwa, hujua kuwa kilichopo ni kile kilichomo mkononi, na akili yake hupangika juu ya elimu hiyo.

Katika zama hizi wenye elimu ya nafsi wameugonga mlango uleule kwa njia yao. Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Stanford katika Marekani, Walter Mischel aliwawekea watoto kitu kitamu mezani, akawaambia kuwa atakayesubiri mpaka mtu mzima arudi atapewa viwili. Wengine walisubiri, na wengine hawakuweza. Khabari hiyo ikaenea duniani, na watu wengi wakafahamu kuwa subira ni kipaji, mtu huzaliwa nayo au huzaliwa bila yake. Mwaka 2013 wenziwao wa Chuo Kikuu cha Rochester wakachapisha jaribio jingine. Walichukua watoto 28, wakawafanya mafungu mawili. Kabla ya kuwapa mtihani wa kitu kitamu, waliwaahidi vifaa vizuri vya kuchorea. Fungu moja wakaletewa walichoahidiwa. Fungu la pili mtu mzima akarudi mikono mitupu na udhuru. Kisha ndipo wakawekewa kile kitamu. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa walisubiri dakika 3. Wote ni watoto wa mji mmoja na umri unaokaribiana, wala hakuna aliyepewa somo la subira. Tofauti ni ahadi iliyovunjwa muda mfupi kabla.

Basi yule mtoto aliyekila upesi asiitwe mpumbavu. Amehukumu kwa ushahidi alionao. Naye mtu mzima ambaye kila shilingi aipatayo humalizika kabla ya magharibi, pengine anahukumu kwa ushahidi wa zamani, aliousahau kwa ulimi na kuukumbuka kwa mkono.

Khabari ya tatu ni ya Afrika. Mwaka 2018 ilichapishwa tafiti iliyowalinganisha watoto wa miaka minne wa Kijerumani na watoto wa kabila la Nso, watu wa kulima katika nyanda za juu za Kamerun. Watoto wa Nso waliwekewa kitu kilichofanana na kaimati. Karibu 70 katika kila 100 wakasubiri mpaka mwisho, baadhi yao hata wakapata usingizi palepale. Katika watoto wa Kijerumani waliosubiri hawakufika 30 katika kila 100. Aliyekuwa akidhani kuwa uwekevu ni mali ya Wazungu na ubadhirifu ni mali ya Waafrika, na wapo wadhanio hivyo hata misikitini, airejee dhana yake. Akina mama wa Nso huwazoeza watoto tangu uchanga kutulia, kuheshimu na kungoja.

Wala asidhani mzazi kuwa mazoezi hayo maana yake ni bakora. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 Hijria (1406), ameeleza katika Mukaddima yake kuwa mtoto anayelelewa kwa ukali na kutenzwa nguvu hujifunza uwongo na hila, akadhihirisha lisilokuwamo moyoni kwa kuiogopa mikono iliyo juu yake, mpaka hila ikawa tabia. Na nani huwa mdeni mbaya kuliko mtu wa namna hiyo? Si asiyekuwa na kitu. Ni yule aliyezoea tangu utotoni kusema lipendezalo sikio la mwenye nguvu ili apite salama siku ile.

Mambo haya hayahitaji kutafutwa mbali. Mafia yenyewe ni kitabu kilichofunuliwa. Mnazi mrefu wa pwani humtaka mpandaji asubiri miaka sita au saba, na pengine zaidi, kabla ya kuanza kumlipa. Kisha huzaa miaka mingi kuliko umri wa mikono iliyoupanda. Anayepanda mnazi akiwa na miaka hamsini anampandia mtu mwingine. Hawezi kufanya hivyo illa ameamini kuwa ardhi haitanyang'anywa na kuwa mwana hataiuza. Na haki isemwe: sehemu kubwa ya mashamba ya minazi ya zamani katika kisiwa hiki ilipandwa na mikono ya watumwa, mpaka utumwa ulipofutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Mtu yule alikuwa akiifukia mbegu ya kesho isiyokuwa yake wala ya mwanawe. Akiambiwa leo mjukuu wake kuwa hana desturi ya kuweka akiba, msemaji akumbuke ni nani aliyemfundisha babu kuwa kesho ina mwenyewe.

Tazama pia pweza. Katika Jibondo, Juani na Chole watu hushuka mwambani maji ya bamvua yakitoka. Pweza hukua upesi mno. Anayeachwa akiwa mdogo, baada ya miezi michache huwa na uzito maradufu na zaidi. Kila mvuvi analijua hilo, na kila mvuvi humchukua mdogo, kwani anajua kuwa asipomchukua yeye, atamchukua anayekuja nyuma. Hili si suala la ujinga wala la uvivu. Ni suala la kuaminiana. Mwaka 2004, katika kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, wavuvi walipatana kuufunga mwamba mmoja kwa miezi kadhaa asivuliwe pweza yeyote, na ulipofunguliwa wakavuna wakubwa. Jambo hilo likaenea mpaka Pemba, katika Kisiwa Panza, na mahali pengine pa pwani hii. Waliofaulu si waliokuwa na njaa ndogo. Ni waliopatana na kulindana, kila mmoja akajua kuwa mwenziwe hatamvizia usiku. Palipovunjwa fungo na watu wawili watatu, kijiji kizima kilirudia pweza wadogo. Kundi la watu wazima lilifanya sawasawa na wale watoto wa Rochester.

Na ni ajabu ya Mungu kuwa kheri hiyo imetoka Madagaska, kulikotoka Wasakalava walioivunja Kua, katika kisiwa cha Juani, mapema katika karne ya 19.

Magofu ya Kua yana kisa ambacho wazee wa Mafia hukisimulia, na historia yake Mungu ndiye ajuaye. Husema kuwa palikuwa na uadui baina ya watu wa Kua na watu wa Kisimani. Ilipofika siku ya kushusha chombo kipya, watu wa Kisimani waliwakamata watoto wa Kua wakawalaza pwani mahali pa magogo, na chombo kikateremshwa baharini juu ya miili yao. Watu wa Kua wakanyamaza. Miaka ikapita, wakawaalika maadui zao katika karamu ya harusi, ndani ya chumba kilichochimbwa chini, na wageni walipoketi, mlango ukajengwa. Leo Kua ni magofu, na mji wa Kisimani sehemu yake kubwa imeliwa na bahari.

Kisiwe cha kweli au kiwe, kisa hiki kina mafunzo kuliko wanavyodhani wanaokisimulia kwa kutisha watoto. Fahari ya wazee ilikuwa jahazi, na waliolala chini yake walikuwa watoto. Kila zama ina jahazi lake. Harusi ya siku nne, yenye viti vya kukodi na nguo za sare na chakula kinachomwagwa, ikifanywa kwa minazi iliyowekwa rahani, inapita juu ya miili ya watoto ambao bado hawajazaliwa. Wao ndio watakaokosa karo na dawa. Karamu ya harusi ni sunna, na Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Abdurrahman bin Auf aifanye hata kwa mbuzi mmoja. Lakini Abdurrahman huyo alipofika Madina hana kitu, na nduguye Saad bin Rabii akataka kumgawia nusu ya mali yake, alimwombea baraka akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Mbuzi alikuja baada ya soko.

Kwa nini mtu mwenye akili zake timamu hulikopea jahazi la fahari? Aulizwe alivyolelewa. Katika nyumba nyingi mtoto hurekebishwa kwa kulinganishwa: "Mwone mwana wa fulani." Hurudiwa neno hilo kwa Kurani aliyohifadhi mwenziwe, kwa viatu vya Idi, kwa kila kitu. Hukua, akaoa, akazaa, naye bado fulani anamtazama. Fulani mwenyewe pengine amekwisha kufa. Mtu huyo hanunui kitu kwa kukihitaji, hununua kwa kumjibu mtu asiyekuwapo. Na deni linalochukuliwa kwa kumjibu asiyekuwapo halina mwisho.

Unguja na Pemba zilionja mambo haya kwa ukubwa. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ikaiacha Pemba kwa kiasi kikubwa. Miaka iliyofuata wenye mashamba wengi walizoea kukopa juu ya mazao ambayo bado hayajachumwa. Ikatumika sana bei khiyari: mwenye shamba humuuzia mkopeshaji shamba lake kwa fedha anazozitaka, akabakiwa na khiyari ya kulikomboa kwa muda maalumu, na papo hapo akalipanga shamba lilelile kwa kodi. Kodi hiyo haikuwa kitu illa riba iliyovishwa kanzu. Dunia ilipofikwa na mwanguko wa bei baada ya 1929, karafuu na mbata zikashuka pamoja, na mashamba yakaanza kupita mikononi mwa wakopeshaji. Mwaka 1934 Serikali ya Unguja ilipitisha sheria ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamishwe. Si haki kuwalaumu wadeni peke yao, kwani bei ya soko la dunia haikuwa katika amri yao. Wala si haki kuwasafisha kabisa. Sheria iliweza kulizuia shamba lisiuzwe. Haikuweza kumzuia mwana wa tajiri, aliyekulia katika nyumba ambayo karafuu huchumwa na wengine na fedha huletwa sandukuni, asidhani kuwa sanduku hujijaza lenyewe.

Leo sanduku ni simu. Kupeleka fedha kwa simu kulianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na kisiwani hapa ni neema kubwa: aliye Dar es Salaam humtumia mama yake aliye Bweni kabla chai haijapoa. Lakini pamekuja pamoja nayo mkopo wa dakika moja usiokuwa na uso wa mtu. Watu wenyewe wameipa mikopo mikali jina la kausha damu, na jina limesadiki. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu kwa njia ya simu bila leseni. Akina mama ndio wanaosemwa sana katika mikopo ya kausha damu, na waume zao ndio wanaosema kwa sauti kubwa. Ni wajibu mume aulizwe kwanza: je, mkewe anajua kiasi anachopata? Mwanamke aliyefichwa kipato cha nyumba, akaachiwa posho isiyofika jioni, hatakopa kwa tamaa. Atakopa kwa kiza. Na Sharia imemlazimisha nafaka mume, si mkopeshaji.

Kisha kuna mkeka. Mama wa kaskazini ya Mafia husuka ukili siku nyingi, akautia rangi, akaushona, mpaka ukawa mkeka wa kusalia na wa kumlaza mgeni. Na kijana wake aketiye Kilindoni ameipa jina hilohilo la mkeka orodha ya mechi alizozibashiria kwa fedha, akingoja usiku mmoja umtajirishe. Ni kamari, na hukumu yake iko wazi katika Sura ya Maida (5), aya ya 90. Hapana haja ya kurefusha. Linalostahili kuangaliwa ni jina. Kijana hakulisahau kabisa neno la mama yake. Amelichukua neno, akaiacha kazi.

Hata hivyo, mwenye kuhubiri juu ya fedha za maskini ajihadhari na dhulma. Mwaka 2013 ilichapishwa khabari ya wakulima wa miwa 464 wa kusini mwa India, waliopimwa akili mara mbili, kabla ya mavuno fedha zikiwa zimewaishia, na baada ya mavuno fedha zikiwa mkononi. Wakulima walewale, kwa vichwa vilevile, walifanya vibaya zaidi kabla ya mavuno. Dhiki huijaza akili mpaka isibaki nafasi ya kupanga. Pengine ndiyo sababu Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mungu na ufukara na uzito wa deni. Anayemwona jirani yake anaamua vibaya katika wakati wa njaa, asimwambie kuwa hana akili. Ampelekee unga kwanza, wazungumze baadaye.

Mzazi naye afanye nini? Bukhari amepokea kuwa Hasan bin Ali (R.A.) alipokuwa mtoto aliokota tende katika tende za sadaka akaitia mdomoni. Mtume (S.A.W.) akamkemea kwa neno la kitoto ili aiteme, kisha akamweleza sababu, kuwa watu wa nyumba yake hawali sadaka. Hakungoja akue. Wala hakumpiga. Alimpa neno analolifahamu, na sababu atakayoifahamu baadaye. Zikiwekwa pamoja tende hii na ile ya Abdallah bin Amir, mzazi anayo mizani kamili: cha mtoto apewe kama alivyoahidiwa, na kisichokuwa chake kitolewe mdomoni mwake, hata kikiwa kidogo.

Baada ya hapo ni mazoezi. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Nisaa (4), aya ya 6, kuwa mayatima wajaribiwe mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakionekana wana uongofu wapewe mali zao. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameeleza katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa sana katika darsa za pwani, namna ya kujaribu: mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa kwa kununua na kuuza na kuvutana bei, mtoto wa mkulima kwa kilimo na kuwalipa wafanyao kazi, mtoto wa fundi kwa ufundi wa baba yake; na hujaribiwa mara mbili au zaidi, kwani mara moja huenda ikawa bahati. Kauli yenye nguvu ni kuwa mtihani huo huwa kabla ya kubaleghe. Mtoto huvutana bei, na ikifika kufunga bei, walii ndiye afungaye. Waliofahamu Kitabu hicho kwa miaka mia saba wamekisoma katika mlango wa kuzuia mali, wakadhani ni hukumu ya mayatima tu. Mwenye baba anahitaji mtihani huo kama asiyekuwa naye.

Mtoto wa mvuvi wa Jibondo akifika miaka kumi na apewe kuhesabu samaki walioshuka, na kugawa mbele ya baba yake fungu la chombo, fungu la nyavu na fungu la mabaharia, na aone kuwa baharia aliyekuwa mgonjwa anakumbukwa. Mtoto wa mwenye minazi aanguliwe nazi mbele yake, azihesabu, auze ishirini kwa mkono wake, na akipunjwa aachwe ahisi amepunjwa. Hasara ya nazi ishirini ni ada ndogo ya chuo kikubwa. Baba akikopa dukani, amwite mwanawe aandike deni kwa hati yake, kwani amri ya kuandika deni imo katika aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Sura ya Bakara (2). Siku ya kulipa amtume mwana huyohuyo kwa mkono wake, amwone mwenye duka akilifuta jina la baba. Mtoto aliyezoea kutumwa kusema "Baba hayupo" atakuwa ametumwa njia nyingine.

Ama siku ya kukabidhi mali yenyewe, aya ileile ya Nisaa imeamrisha mashahidi wawekwe. Mafia desturi ni kukabidhiana shamba kwa maneno, baba akinyosha kidole kuonyesha mpaka ulipo, kisha baba akafa na kidole kikafa pamoja naye. Shamba litembewe kwa miguu, mnazi kwa mnazi, wakiwapo ndugu wote, wa kiume na wa kike, na majirani wa pande zote nne. Idadi iandikwe, na jina la kila shahidi, na tarehe. Na deni lililo juu ya shamba, kama lipo, liandikwe katika karatasi hiyohiyo kabla mwana hajatia sahihi yake.

Wallahu aalam.